Ugonjwa wa Samruai

Singapore, 10 Juni 2018

Mama Mkubwa,

Umeshakula? Mimi nimekula, tena wali wa kunata. Nimeupata kwa mama mmoja wa kwetu Isan anayeuza chakula karibu na kituo cha treni. Anaupika mgumu kama kokoto, lakini nilikula mpaka nikaramba vidole. Nilipomwambia mchele haukulowekwa vya kutosha akanijibu, "Ukitaka wali wa mama yako, rudi kwa mama yako." Sikumweleza kwamba aliyenilea ni dada mkubwa wa mama yangu marehemu. Nyuma yangu palikuwa na foleni.

Najua utalalamika siandiki. Lakini ni wewe uliyekaa miaka thelathini kando ya mashine ya kukoboa mpunga mpaka masikio yakaondoka na makapi. Nikikupigia simu kukuuliza habari za jino unanijibu, "Ndiyo, imenyesha." Ujumbe wa simu nao, wewe unasema umeandikwa na sisimizi. Basi ni barua.

Umeniuliza nafanya nini hasa huku, maana kijijini wanasema natengeneza sabuni. Si uongo kabisa. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na ndani ya utando huo zimesimama protini. Mojawapo ni pampu. Kazi yake halali ni kutema sumu nje. Sasa seli ya saratani ikipata ujanja, inajaza pampu hizi kwenye utando wake. Dawa ikiingia tu, pampu inaikamata na kuitema kabla haijafanya lolote. Sisi tunatafuta umbo la pampu hiyo, kila mkunjo wake, ili siku moja mtu atengeneze kitu cha kuikaba koo. Kuipata lazima tuitoe kwenye mafuta, na mafuta hutolewa kwa sabuni. Kisha tunaigandisha kwenye barafu nyembamba mno na kuipiga picha kwa hadubini ndefu kuliko mlango wetu.

Unakumbuka dawa ilivyomsaidia Baba Mkubwa Thongdi miezi minne, akaanza hata kugombana na jogoo, halafu ikaacha kumsaidia? Mimi sijasahau. Kufika Desemba tutakuwa na picha ya pampu nzima, na kazi hiyo ameshikishwa mwanao.

Usile samaki mbichi.

Nim

*

Don Phai, 1 Julai 2018

Nim mwanangu,

Nimekula. Barua yako ilikaa kwa mkuu wa kijiji siku sita kwa sababu aliifanya alama ya kurasa kwenye daftari lake la mbolea. Nimemwambia siku nyingine aweke ulimi wake.

Mvua imeshika vizuri. Robo tatu ya shamba tumeshapandikiza. Iliyobaki jirani yetu Samruai amesema ataimalizia yeye, maana mgongo wangu umegoma. Mgongo tu, usianze. Hekaluni wanachonga mshumaa mkubwa wa msimu wa mvua, na wanaume wamegombana juu ya umbo la joka mpaka joka limepata uso wa kondoo.

Samaki mbichi niliacha siku ile tulipouchoma mwili wa Baba Mkubwa wako hekaluni. Wanaume wa hapa bado wanadai limau na pilipili humuua yule mnyoo wa ini. Nimewauliza: mnyoo anayeishi ndani ya ini lenu, anayeoga pombe yenu kila jioni, ndiye ataogopa limau?

Sasa nina swali, na si langu. Ni la Samruai. Mwezi wa tatu macho yake yaligeuka njano. Hospitali kule Khon Kaen wakampima, wakasema ni mfereji wa nyongo, ugonjwa ule ule tunaoujua. Wakamwekea mrija mdogo wa plastiki nyongo ipate pa kupita, kisha wakaanza kumtundikia dripu za dawa. Akapata nafuu, macho yakawa meupe. Wiki hii dawa bado anatundikiwa, na macho yamerudi kuwa njano, na anajikuna kama mbwa wa hekaluni. Anauliza: ndiyo hiyo pampu yako? Imeanza kutema? Na kama imeanza, kuna faida gani kupanda basi kwenda kutapika?

Usimwandikie yeye. Ana haya, na hakuna anayejua ila mimi. Nijibu mimi, na usizunguke.

Mama yako Mkubwa,
Bualai

*

Singapore, 12 Julai 2018

Mama Mkubwa,

Nimesoma barua yako kantini, chai ikapoa mbele yangu. Mama Samruai! Aliyenishonea sare za shule kuanzia darasa la kwanza mpaka la sita, na kila mwaka akizifanya kubwa "kwa ajili ya mwaka ujao" hata nikafanana na hema. Siamini.

Umesema nisizunguke, basi sizunguki. Ndiyo, dalili ni hizo hizo. Dawa ilifanya kazi, kisha ugonjwa umerudi dawa ikiwa bado inaingia mwilini. Maana yake seli zimejifunza. Zimejaza pampu kwenye utando, na dawa inatemwa nje kila inapoingia. Pampu hii ikishafika hapo haichagui sana. Inatema dawa za aina nyingi. Kuendelea kumtundikia ni kumimina maji kwenye tenga. Ningekuwa mimi ningemwachia apumzike nyumbani, ale anachopenda, asipoteze nguvu kwenye mabasi. Inaniuma kuandika hivi, lakini hii ndiyo kazi yangu, na sitaki mtu amdanganye.

Mwambie taratibu. Mshike mkono.

Kuhusu picha yangu, kazi inaendelea.

Nim

*

Don Phai, 19 Agosti 2018

Nim mwanangu,

Umeshakula? Nimechelewa kujibu, usiniulize kwa nini, msimu ni msimu.

Majibu yako nimemfikishia Samruai. Akasema, "Mtoto huyu kasoma kweli." Safari za Khon Kaen ameziacha. Anasema ni raha kuamka bila kusikia harufu ya dawa kwenye ngozi yako mwenyewe. Asubuhi anakaa barazani anatazama mpunga unavyonyooka, na hana ugomvi na mtu. Basi usimsikitikie sana.

Nimekutumia sketi ya hariri ya mama yako, ile ya rangi ya zambarau. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya harusi yako, lakini kwa mwendo wako huo nondo wataolewa nayo kwanza. Ivae. Ivae hata ukienda sokoni. Kuku nimewagawa, wamezidi kelele.

Umeniuliza zamani jinsi ya kuchachusha samaki kwenye mtungi kama nyanya yako. Nimeandika yote nyuma ya karatasi hii, kipimo kwa kipimo. Weka mahali utakapopaona.

Mwandiko umekuwa wa bata kwa sababu kalamu ni ya mkuu wa kijiji.

Bualai

*

Singapore, 27 Agosti 2018

Mama Mkubwa,

Sketi imefika. Nimeivaa mbele ya kioo, nikakaa kitandani nayo muda mrefu. Lakini kwa nini sasa? Na kuku umewagawa wote? Hata yule mweusi asiye na mkia uliyekuwa ukimwita mkwe? Mbona sikuelewi?

Halafu kuna jambo utanikasirikia, na nimeshalifanya. Ulisema nisimwandikie Mama Samruai. Nimeshindwa. Nikikumbuka vidole vyake na sindano ile mdomoni, siwezi kukaa kimya kana kwamba simjui. Nimemtumia kadi na chupa sita za supu ya kiota cha mbayuwayu, ile wanayowapelekea wagonjwa. Kadini sikuandika mengi. Nimemshukuru tu, na kumwambia aende kwa amani.

Mimi mzima. Siku hizi nashinda nikiosha vyombo vya maabara, mikono imekuwa kama ya mwosha sahani. Ndiyo kazi.

Nijibu upesi kuhusu kuku.

Nim

*

Don Phai, 9 Septemba 2018

Nim, Nim, Nim.

Kadi yako imefika. Ningependa ujue jinsi ilivyofika.

Jana mchana nilikuwa barazani namenya vitunguu saumu. Samruai akaja mbio kutoka dukani, kadi mkono mmoja, chupa mkono wa pili. Unajua mimi sisikii mtu siku hizi mpaka anipigie kelele sikioni. Jana nilimsikia tangu njia panda.

"Bualai! Mimi nakufa lini?"

"Nani kasema unakufa?"

"Mtoto wako! Soma! 'Mama Samruai, nenda kwa amani, kila nikiona shati lililoshonwa vizuri nitakukumbuka.' Nimeisoma dukani kwa sauti, Bualai! Nilidhani ni salamu za sikukuu! Watu wamevua kofia! Mwenye duka kanipa biskuti bure!"

"Kwa hiyo umefaidika."

"Asubuhi nimebeba gunia la mbolea kilo hamsini, nakufa na nini mimi?"

Nikaanza kumwambia labda wewe umekosea jina, labda ni Samruai mwingine, huku nikijifanya vitunguu vinaniwasha. Akaweka chupa chini. Samruai akiweka kitu chini ujue kuna hatari. Akanitazama miwani yangu ya jua, ile niliyoivaa tangu Julai nikisema ni vumbi.

"Toa hiyo miwani."

"Vumbi..."

"Shamba lina maji mpaka magotini, vumbi litoke wapi? Toa."

Nikatoa.

Huwa hakai huyu, hujimwaga kama gunia. Jana alikaa taratibu, kwenye ukingo wa mkeka. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, jicho hili, jicho lile. Kisha akasema, "Mshenzi wewe. Umetumia jina langu kuugulia."

Basi umeshaelewa. Ni mimi, Nim. Ni mimi tangu mwezi wa tatu. Samruai aliniazima jina bila kujua.

Sikukuficha kwa ubaya. Ulikuwa na Desemba yako, na nilikuona unakuja mbio na basi la kwanza, kazi umeitupa. Tena nilitaka jibu la mtaalamu. Nikikuuliza kama mama, ungenijibu kama mtoto. Nilipata jibu la mtaalamu. Silijutii, na wewe usijilaumu. Umesema kweli na nimekaa vizuri na ukweli huo. Mpunga mwaka huu ni mzuri ajabu.

Bualai

Nim, hapa chini ni mimi Samruai, mzima kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwambie huyu mama yako. Nimepekua kabati nikapata kitabu chake cha hospitali. Dawa zimeandikwa hivi, nimenakili herufi moja moja: jemsitabini na sisplatini. Halafu pameandikwa tarehe 30 Julai arudi kubadilishwa mrija. Hakwenda. Jioni anapata homa na kutetemeka, anadai ni upepo. Kurasa hizi nimezipiga picha kwa simu ya mwalimu na kukutumia, maana posta ya hapa ni ya kobe. Supu nilikunywa chupa mbili kabla sijafungua kadi. Nne nimempa yeye.

*

Ndani ya ndege, 11 Septemba 2018

Mama Mkubwa,

Barua hii haipiti posta. Nitakukabidhi mkononi, nikae mbele yako unapoisoma. Nikijaribu kusema nitalia, na wewe hutasikia neno, utaona pua tu.

Nilikosea. Nitaandika polepole uelewe nilivyokosea.

Pampu ninayoichunguza haizibebi dawa zako. Hizo mbili alizonakili Mama Samruai hazipiti mlango huo. Kama ningeuliza jina la dawa kabla ya kujibu, ningejua kwa dakika moja. Sikuuliza. Mtu ameniletea ugonjwa wa binadamu mzima, mimi nikamjibu kwa kitu kimoja ninachokijua.

La pili. Kwenye barua yako ya kwanza uliandika neno "mrija". Lipo, nimelirudia kulisoma mara ishirini. Mrija wa plastiki kwenye mfereji wa nyongo huziba baada ya miezi michache. Ndiyo maana walikupangia tarehe. Ukiziba, nyongo inarudi kwenye damu, macho yanakuwa njano, mwili unawasha, homa inakuja. Nililiruka neno hilo. Nilikuwa natafuta pampu, nikaona pampu. Huenda dawa yako haijashindwa hata kidogo. Nasema huenda. Julai niliandika "ndiyo" mahali pa "huenda", na wewe ukagawa kuku.

La tatu ndilo baya, kwa sababu si kosa la kusahau. Hakuna picha ya Desemba. Tangu Mei pampu yangu inasambaratika kila ninapoitoa kwenye mafuta. Nikiiweka chini ya hadubini naona makapi. Julai profesa aliichukua kazi akampa mwenzangu Hui Min. Mimi namwandalia sampuli na kuosha vyombo. Ilikuwa wiki ile ile iliyofika barua yako. Nilikujibu kama bingwa kwa sababu siku hiyo nilihitaji japo mtu mmoja aendelee kuamini kwamba mimi ni bingwa.

Basi la Khon Kaen linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeshapanga na Mama Samruai. Ukikataa kupanda tutakubeba, mimi mikono yeye miguu. Anasema ameshajizoeza kwa magunia.

Nim

*

Don Phai, 7 Oktoba 2018

Nim mwanangu,

Umefika salama? Umekula? Umesahau soksi moja, na paka ameshazaa juu yake.

Umeondoka kabla ya kuona mwisho wa hadithi, basi nakupa. Mrija mpya unapitisha. Macho yangu leo ni meupe, Samruai amenitoa nje juani kuyakagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Kujikuna kumekwisha. Wiki iliyopita walinitundikia dripu tena, nikatapika sawasawa kama zamani. Sikuwahi kufikiri nitafurahi kutapika.

Siku ile hospitalini, ulipokwenda kutafuta maji, yule daktari kijana alikaa kitandani kwangu na karatasi, maana alishachoka kunipigia kelele. Akaniandikia: "Mrija ulikuwa umeziba kabisa. Tulikupangia tarehe 30 Julai."

Nikaandika chini yake: "Nilikuwa na shughuli."

Akaandika: "Shughuli gani?"

Nikaandika: "Kufa."

Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akaacha kucheka, akaandika kwamba wiki mbili zaidi ningeimaliza shughuli yenyewe, maana uchafu ulikuwa umeanza kuingia kwenye damu. Karatasi hiyo ninayo. Sikukuonyesha wakati ule, nakuambia sasa.

Kuhusu barua uliyonikabidhi. Ulikaa pale mbele yangu na pua niliiona, ndiyo. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya nini hasa. Nimekaa nayo barazani wiki tatu, sasa najua. Jibu lako la Julai sina hasira nalo. Nilikuuliza kwa jina la uongo, ukanijibu kwa jina la uongo; tumetoka sare. Hasira yangu ni kwamba ulinyang'anywa kazi yako, ukaosha vyombo majira yote ya mvua, na mimi nikawa nawatambia watu dukani habari za Desemba. Ungeniambia! Ningekuwa nimekutukania huyo profesa kwa sauti ambayo mimi tu siisikii.

Basi tukubaliane. Wewe ukianguka, andika "nimeanguka". Mimi nikiumwa, nitaandika "naumwa", kwa jina langu. Samruai anasema akifa tena hatatusamehe.

Na huyo Hui Min usimnunie. Mtu aliyenuna haandai kitu kikawa safi, iwe mchele iwe hayo mambo yenu.

Kuku wamerudi wote isipokuwa yule mweusi. Aliyepewa alikuwa ameshamla. Amesema alikuwa mgumu. Nikamwambia, mkwe wangu hakuwa wa kuliwa.

Bualai

*

Singapore, 14 Januari 2019

Mama Mkubwa,

Mwaka umeanza, mpunga uko ghalani, nami nimekula. Sikununa. Nilijaribu siku tatu nikashindwa, kwa sababu Hui Min ana tabia ya kuniletea kahawa bila kuniuliza kama namchukia.

Na kuna habari. Tulikubaliana niseme nikianguka, basi nitasema na nikisimama. Sabuni ndiyo iliyokuwa ikiiua pampu. Ukiiacha ndani ya sabuni inalegea, inajikunjua, inakwisha. Tangu Oktoba mimi na Hui Min tulianza kuitoa kwa sabuni kisha upesi upesi kuirudishia mafuta kidogo: kipande cha duara, kimefungwa mkanda kiunoni, kinachotosha pampu moja peke yake. Mara tisa ikaharibika. Ya kumi Hui Min alikuwa mgonjwa wa mafua, nikaiandaa mwenyewe kuanzia mwanzo. Ikasimama, Mama Mkubwa. Nilipoweka barafu chini ya hadubini sikuona makapi. Niliona vitu vidogo, maelfu, vyote vinafanana, kila kimoja kimegeukia upande wake kama watu sokoni. Kompyuta imechukua wiki kuvipanga picha moja juu ya nyingine. Nimekuwekea iliyotoka. Ni mikono miwili inayokutana juu, imeachana chini, na katikati pana nafasi ambapo dawa hukamatwa.

Jina langu litaandikwa la pili, baada ya Hui Min. Ni haki. Profesa alinipa mkono, akaniuliza kama bado nataka kuosha vyombo. Nilimwambia Jumatatu tu.

Usiwaambie watu dukani kwamba nimepata dawa. Kutoka picha hii mpaka kitu cha kumsaidia mgonjwa ni miaka, na pengine hakitapatikana. Na si pampu ya dawa zako. Lakini umbo lake sasa linajulikana, hata nikifa kesho.

Sasa wewe. Ulisema Desemba hospitali watakupiga tena picha ya uvimbe. Barua yako ya mwisho ilikuwa na kurasa mbili za mavuno na ukurasa mmoja wa kumsengenya mkuu wa kijiji na mke wake mpya. Nimeisoma mbele na nyuma. Habari za picha hazimo. Mama Mkubwa, tulikubaliana.

Nim

*

Don Phai, 17 Februari 2019

Nim mwanangu,

Naumwa. Haya, nimeandika, kwa jina langu.

Nilichelewa kukuambia kwa sababu picha ya Desemba hata wao hawakuielewa, wakataka nyingine. Sikutaka tuwe wawili wa kutolala. Ya pili imetoka wiki iliyopita. Daktari wangu aliandika: "Uvimbe umepungua. Haujaenea."

Nikaandika: "Umepungua kiasi gani?"

Akachora duara, akachora duara jingine ndani yake. La ndani si dogo sana, nisikudanganye.

Nikaandika: "Utaisha?"

Akageuza karatasi upande wa pili. Kisha akaandika: "Sijui. Siku moja dawa hizi zinaweza kuacha kufanya kazi. Kwa wengine zinaacha mapema, kwa wengine zinachelewa, na hatujui kwa nini. Kwa sasa zinafanya kazi, tunaendelea." Ameandika "sijui" kwa herufi kubwa na safi kuliko zote. Nimemwamini zaidi hapo kuliko kwenye lile duara.

Kwa hiyo ndivyo nilivyo. Nakula. Nimenenepa kilo mbili. Mwezi ujao nataka kupanda maharage upande wa kisima, na Samruai anasema nimechelewa, na mimi nasema maharage hayajui kalenda.

Picha yako tuliitazama sote. Samruai anasema ni kibanio cha nguo. Mkuu wa kijiji ameigeuza mara nne akauliza juu ni wapi. Mimi nimeitazama peke yangu baadaye, kwa muda. Sikujua kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuwa na mabega.

Jambo moja la mwisho. Juzi, walipokuwa wakinibadilisha mrija, alikuja msichana wa koti jeupe na karatasi za kutia sahihi. Wanaomba kipande cha uvimbe wangu, kiasi cha punje ya mchele, wakachunguze pampu zake na mengine. Wanataka kujua lile lile asilolijua daktari, kwa nini dawa humwacha mtu. Nikamwandikia achukue hata punje mbili. Akaniandikia nisiwe na wasiwasi, jina langu litafichwa.

Nikamwandikia: "Mwanangu, sijawahi kuiba kuku wa mtu. Jina langu lifichwe kwa nini?"

Akaandika ni sheria, kila mtu anapewa namba. Basi mimi ni namba arobaini na saba. Nimemuuliza vipande hivyo vinakwenda wapi, akaandika vingine vinabaki Khon Kaen, vingine vinapelekwa kwenye maabara za nchi za nje, hajui zipi.

Kwa hiyo asubuhi yoyote ukifungua hilo friji lenu ukakuta arobaini na saba, usipite kama hujamwona mtu. Nisalimie kwanza, ndipo ukate.

Mama yako Mkubwa,
Bualai